Mtoto wa Butiama na Visu vya Kaizari

Fungua hadithi yoyote ya mapigano kwenye simu yako. Jamaa karusha ngumi, mwenzake kakwepa, karusha teke, kaanguka, kainuka. Aya tatu zimeisha na msomaji hajaumia hata kidogo. Itaendelea.

Sasa twende Mara. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, pale karibu na Musoma, alikuwa rais wa Tanganyika na hajafika hata miaka 42 wakati tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caezar, inatoka mwaka 1963. Yaani rais yupo madarakani, na tafsiri yake inasimulia habari za mtawala anayechomwa visu na watu wake wa karibu. Noma! Na Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles wakaasi kweli, Mwalimu akajificha kwa muda. Lakini kitabu hakukitupa. Alikirudia, akakirekebisha, kikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Siasa tuziweke pembeni, tuangalie ugomvi wenyewe ulivyoandikwa. Kuchomana visu kunaisha fasta mno. Casca anaanza, wengine wanafuata, Kaizari anamwona hadi Brutus, rafiki yake, anakata tamaa, anakufa. Mistari miwili mitatu tu. Hakuna cha nani kakwepa wapi.

Maumivu yanakuja baadaye, mbele ya umati. Antony anashika joho la marehemu, anaonyesha matundu moja moja: hapa kapita Cassius, hapa Casca, na hapa Brutus aliyependwa kuliko wote. Cheki ujanja wake sasa: Antony hakuwepo! Trebonius alishamtoa nje kabla visu havijachomolewa. Tundu lipi la nani, atajuaje? Ila watu wanalia, wanaondoka kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Kila tundu limepata jina, ndiyo maana linauma.

Vita vya Philippi navyo hivyohivyo. Cassius haoni vizuri, anamtuma mtumwa wake Pindarus apande kilimani amsimulie. Pindarus anamwona Titinius, rafiki wa Cassius, kazungukwa na wapanda farasi, anapiga kelele kwamba katekwa. Kumbe wale ni wenzao, wanamshangilia. Cassius hasubiri. Anampa Pindarus upanga, uleule uliomchoma Kaizari, anafunika uso, anamwambia achome.