Presha ikishuka, dawa haiachwi

Kila tunapozungumzia presha katika kipindi chetu cha afya, wazee hutuuliza swali hili: "Nimepimwa, presha imeshuka. Je, niache dawa?"

Jibu ni hapana. Presha imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Dawa ya malaria ina siku zake. Ukimaliza dozi, umepona. Dawa ya presha haiondoi ugonjwa, inauzuia tu. Ukiiacha, presha hupanda tena, mara nyingi bila hata kichwa kuuma. Wengine hushtuka wameshapata kiharusi, au moyo na figo vimeshaharibika.

Kupima

Kwa kawaida, mtu huambiwa ana presha ya kupanda akipimwa siku mbili tofauti na namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi. Ukifika zahanati, usipimwe ukiwa unahema. Nenda haja ndogo kwanza, kisha kaa dakika tano umeegemea, miguu ikiwa chini na mkono juu ya meza. Usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla ya kupima.

Dawa

Meza saa ile ile kila siku. Rudi kuchukua nyingine kabla hazijaisha, na usiazime vidonge vya jirani hata kama naye ana presha. Ukisahau leo, kesho usimeze mara mbili.

Ukipata kizunguzungu unaposimama, inuka taratibu: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo usimame. Kisha mweleze daktari au muuguzi. Anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Usiache mwenyewe.

Wazee wenye maumivu ya magoti wawe waangalifu na diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizi zinaweza kupandisha presha na kudhuru figo. Unapokwenda duka la dawa, sema kwamba una presha.

Chumvi

Kwa siku nzima, chumvi yote unayokula isifike kijiko kimoja cha chai. Hesabu na iliyomo kwenye samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Usiongeze chumvi mezani. Tumia ndimu, kitunguu au tangawizi. Ukiweza, tembea kidogo kila siku.

Dalili za hatari

Mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, au maneno yakiwa hayaeleweki, hicho huenda ni kiharusi. Msisubiri kupambazuke na msimpe mgonjwa chochote cha kunywa. Mpelekeni hospitali mara moja.

Nawe kijana unayesoma hapa kwenye simu, msomee bibi au babu habari hii. Kisha weka kengele ya simu ilie kila siku saa yake ya dawa.