Karagwe, Kyerwa na Mwandishi Mpya

Katika mwezi wa Novemba mwaka 1861, wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Speke mwenyewe aliandika ya kuwa mtawala yule aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri. Maamkizi yalikuwa ya Kiswahili, lakini habari ziliandikwa kwa Kiingereza, zikatoka kitabuni mwaka 1863. Henry Morton Stanley alipita huko mwaka 1876, naye akaandika kwa Kiingereza. Basi kwa muda mrefu aliyetaka kusoma habari za nchi hiyo alisoma yaliyoonwa na wapita njia.

Mwaka 2001 ilianzishwa Wikipedia, kamusi elezo iliyo katika intaneti, ambayo kila mtu aweza kuiandika na kuisahihisha. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Kwa hiyo kijana wa Kayanga au wa Nkwenda aweza leo kueleza habari za kwao kwa lugha ile ile aliyoamkiwa nayo Speke. Mlango u wazi, lakini nyumba ina desturi zake, na mwandishi mpya hana budi kujifunza.

Aghalabu huanza na kata yake: jina, wilaya, mkoa na idadi ya watu. Makala fupi namna hii huitwa mbegu, maana hutarajiwa kukua. Hata hivyo mistari miwili yaweza kumpoteza mtu. Katika sensa ya 2002 Wilaya ya Karagwe ilikuwa na watu zaidi ya 420,000; katika sensa ya 2012 walikuwa 332,000 hivi. Asiyejua aweza kudhani ya kuwa watu walihama au waliangamia. Kumbe mwaka 2012 Kyerwa ilitengwa ikawa wilaya ya peke yake, nayo ilihesabiwa watu wapatao 321,000. Watu walikuwa wameongezeka. Kilichobadilika ni mpaka. Hapo mwandishi mpya hujifunza ya kuwa tarakimu isiyo na mwaka na mpaka wake haina maana.

Desturi iliyo nzito zaidi ni ya chanzo. Kila neno linaloweza kubishiwa lataka ushahidi uliokwisha kuchapishwa. Kijana aliyesikia kwa babu yake habari za Bweranyange, makao ya watawala wa kale, huandika aliyoyasikia. Kesho yake huona yameondolewa. Huona uchungu, na uchungu wake una haki ndani yake: neno la mpita njia aliyekaa miezi michache hukubaliwa kwa kuwa lilipigwa chapa, na neno la mzee aliyezaliwa pale hukataliwa kwa kuwa lilisemwa tu.

Lakini si kila kilichopigwa chapa ni kweli. Speke alidai ya kuwa watawala wa nchi hizi asili yao ni Uhabeshi, dhana ambayo wanahistoria wa baadaye waliikataa. Anayelinakili dai hilo kama kwamba ni jambo lililothibitika hueneza kosa la zamani kwa wino mpya. Hana budi kusema nani alidai, lini, na nani alimpinga.

Njia ya kutoka katika dhiki hii ilikwisha kuonyeshwa. Israel K. Katoke, mwanahistoria wa Kitanzania, alitumia masimulizi ya wazee pamoja na maandishi, akatoa kitabu juu ya ufalme wa Karagwe, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1975. Habari iliyokaa kinywani ikapata ukurasa, na sasa yaweza kutajwa na mwandishi yeyote. Kamusi elezo haikusanyi masimulizi. Hupokea yaliyokwisha kukusanywa na kupimwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza i mikononi mwa wasomi. Mwanafunzi anayejua Kinyambo, akiketi na wazee wa Karagwe na Kyerwa, akaandika majina yao na siku ya mazungumzo, akalinganisha kauli zao, kisha akaichapisha kazi yake, humpa mwandishi mpya chanzo asichoweza kukipata pengine. Vitabu vya Speke na Stanley vitaendelea kuwapo maktabani. Wazee hawatangoji.