Andalio la Somo Lilivyosafiri

Kwa miaka mingi mwalimu wa Tanzania aliyeandika andalio la somo alizijua hatua zake kwa moyo: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, tathmini. Mfuatano wa namna hiyo una historia ndefu, na sehemu yake kubwa inaanzia Ujerumani.

Mwaka 1806 mwanafalsafa Johann Friedrich Herbart alichapisha kitabu cha nadharia ya elimu. Alishikilia kwamba mtoto hulielewa jambo jipya kwa kuliunganisha na analolijua tayari, hivyo mwalimu aanze kwa kuyaamsha maarifa hayo ya awali. Herbart alifariki mwaka 1841. Wafuasi wake, Tuiskon Ziller wa Leipzig na Wilhelm Rein wa Jena, waliigeuza hoja hiyo kuwa ngazi. Ya Rein ilikuwa na vidato vitano: kuandaa akili, kuwasilisha, kuhusisha, kujumlisha na kutumia.

Ngazi hiyo ilifundishika vyuoni na ilikuwa rahisi kukagua. Hapo ndipo ilipoharibikia, kwa sababu somo la hesabu na la mashairi yalilazimishwa kupita njia moja, na mtoto akasahaulika.

Mwaka 1887 Mjerumani Emil Hausknecht alifika Tokyo kufundisha nadharia za Herbart. Wajapani walizipokea, lakini walikuwa na desturi yao iliyokuwa ikikua katika zama hizohizo za Mfalme Meiji. Walimu huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja hulifundisha, wenzake huwatazama wanafunzi, kisha wote hujadiliana. Andalio lao hubeba jambo la thamani kubwa: majibu ambayo wanafunzi wanatarajiwa kutoa, makosa yakiwemo. Mwalimu anayejua kuwa wapo watakaojumlisha nusu na theluthi wakapata mbili ya tano huingia darasani na swali tayari: ukiwa na nusu chapati, kisha ukaongezewa theluthi, inakuwaje ubaki na pungufu ya nusu? Swali kama hilo halizuki lenyewe mbele ya darasa lenye kelele. Hutafutwa mapema, mwalimu akiwa ametulia.

Mawazo ya namna hiyo yalifika Afrika pia: mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha mradi wa SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Mzunguko wake ulikuwa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha, na walimu walihimizwa kubuni vifaa kwa vitu vinavyopatikana karibu. Baadaye wakufunzi kutoka nchi nyingine za Afrika walikuja Nairobi kujifunza mzunguko huohuo.