Nyumba Ikiuzwa kwa Deni: Kliniki, Matibabu na Kodi ya Jengo

Mama, nyumba ikipigwa mnada kwa sababu ya mkopo, haki ya mtoto kutibiwa haiuzwi nayo. Ukihama Kariakoo, peleka kadi ya kliniki kituo cha serikali kilicho karibu. Chanjo zitaendelea zilipoishia, bila malipo. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa mpya. Kaya iliyo TASAF itoe taarifa ya kuhama mapema. Ukishindwa kulipia matibabu yako, muone afisa ustawi wa jamii hospitalini, uombe msamaha.

Kodi ya jengo, inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ni ya mwenye nyumba. Ukiwa mpangaji, tunza risiti, mkubaliane aipunguze kwenye kodi ya chumba.

Usingizi ukikukimbia siku nyingi, njoo kliniki tuzungumze.