Nyika Mbili, Madeni Mawili

Robo ya ndama na theluthi ya wana-mbuzi: huo ndio ujira wa Fabiano, mchungaji katika Vidas Secas, riwaya ya Graciliano Ramos ya mwaka 1938 kuhusu nyika kame ya kaskazini-mashariki mwa Brazili. Kwa kuwa hana shamba wala akiba, humuuzia bwana wake mgawo huo kwa bei ya bwana. Siku ya kufunga hesabu, mkewe amekwisha kupiga hesabu zake kwa mbegu, lakini za bwana zinatoka pungufu. Riba hiyo, anaambiwa. Wasomaji wengi hukumbuka ukame unaoanza na kumaliza kitabu. Deni hili, hata hivyo, linazaliwa mvua ikiwa imeshanyesha.

Serikali ya Brazili iliisoma nyika ileile kwa macho ya mhandisi. Ukame wa 1877–79 uliua mamia ya maelfu, na mwaka 1909 ikaundwa idara ya kupambana na ukame. Mabwawa yakachimbwa, mengi katika ardhi ya matajiri wa ng'ombe, kwa jasho la wakimbizi wa njaa. Maji yakaongezeka, na bwana akabaki bwana. Celso Furtado, mzaliwa wa Paraíba, alilielewa hilo alipokabidhiwa shirika la maendeleo la SUDENE mwaka 1959. Mapinduzi ya kijeshi ya 1964 yakamnyang'anya haki zake za kisiasa.

Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, katikati ya Tanzania, nako mvua ni haba, kiasi cha milimita 570 kwa mwaka. Njaa ya Mtunya, 1917–20, haikuletwa na jua peke yake: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ila Mgogo hakuwa na bwana wa kumkata riba. Alilima alipoweza, na ng'ombe wake aliwatawanya kwa ndugu na marafiki, ili balaa la mahali pamoja lisimmalize. Operesheni Dodoma ya serikali, iliyoanza 1971, ikapindua busara hiyo kwa kuwakusanya watu vijijini, mashamba na malisho ya karibu yakaelemewa. Jirani, Kondoa, mwaka 1979 mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO uliwaondoa mifugo wote katika eneo lililomomonyoka. Makorongo yakaota majani, kwa gharama ya wafugaji.

Kwa hiyo sishawishiki sana na ramani za mipango ya serikali. Mwaka 2008 Brazili ilitangaza "Maeneo ya Uraia" 60, kila moja likiunganisha wilaya kadhaa kupanga maendeleo kwa pamoja, mwenye ranchi na kibarua wake wakiitwa wadau sawasawa. Naona heri tangi la saruji la lita 16,000 linalokinga maji ya paa, lililoenezwa na ASA, mtandao wa asasi za kiraia ulioanzishwa 1999. Lipo uani kwa mwenye nyumba, naye hana haja ya kumpigia mwanasiasa magoti apate boza la maji. Ukame wa 2012–17 ulikuwa mkali mno, lakini vifo vya halaiki kama vya 1877 havikurudi. Bolsa Família, ruzuku ya serikali kwa familia maskini, nayo ilisaidia.

Tangi, hata hivyo, halimpi mtu ekari. Na Dodoma, tangu serikali ihamie, viwanja vinapimwa na ardhi ina bei. Swali la Brazili, nani anamiliki, limekwisha kufika Ugogo.