Chuma, Zege na Moto

Mzee wa Kichagga aliyelala katika msonge wa nyasi aliufahamu moto, maana alikaa nao nyumba moja, yeye na ng'ombe wake. Paa likishika, hangoji. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mabati na saruji vilipata njia ya kupanda mlima, na polepole tukaanza kuamini kwamba nyumba isiyo ya nyasi haiungui. Hapo ndipo ninapotaka kubishana kidogo.

Chuma hakiyeyuki mpaka kifike nyuzi 1500 hivi za Sentigredi. Lakini si lazima kiyeyuke ndipo ghorofa lianguke. Mhunzi anajua: chuma chekundu hupindwa kama utakavyo. Kwenye nyuzi 600 kimekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na moto wa duka lililojaa mali huvuka hapo. Tena hurefuka, mhimili wa mita 10 ukipata nyuzi 500 huongezeka sentimita 6 hivi, ukazisukuma nguzo. Gogo nene la mbao (watu hawaniamini nisemapo hivi) hujifunika kwa mkaa wake na laweza kudumu kuliko chuma kitupu.

Zege ni zito kupokea joto. Soko la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mali iliteketea, nguzo zikabaki, na Serikali ikaamua kulikarabati.

Lakini zege huilinda nondo kwa unene wake tu. Nimewaona mafundi hapa Moshi wakilaza nondo moja kwa moja juu ya mbao, kisha wanamwaga zege. Mbao zikitolewa, nondo inachungulia. Zile sentimita mbili tatu zilizokosekana ndizo muda wa watu kushuka ngazi.

Na jengo kubaki wima si ushahidi kwamba lilikuwa salama. Shauritanga, kule Rombo, Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 walikufa bwenini. Moshi na mlango mmoja huua kabla nguzo haijapinda.

Moto ukizimwa, mwenye nyumba huharakisha kupaka rangi. Zege lililopita nyuzi 300 mara nyingi hugeuka rangi ya waridi. Mpangaji anayerudishwa humo ana haki ya kuuliza kama mhandisi alizigonga zile nguzo kwa nyundo kabla mpaka rangi hajafika.