Safari ya Mgonjwa Katika Nchi za Ziwa

Somo la historia kwa redio, kwa madarasa ya watu wazima

Kila mmoja akae mahali anaposikia vizuri, na mwalimu wa darasa atundike ramani ya Ziwa Viktoria ukutani. Somo letu la leo ni historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mgonjwa na njia yake.

Safari hii sote twaijua. Mtu anaugua Ukerewe, au Ngara, au Maswa. Dawa ya zahanati inashindwa. Anaambiwa, "Nenda Mwanza." Hapo nyumba nzima inashtuka. Nani atafuatana naye? Nani atampikia huko? Nani atabaki na watoto, na pamba iko shambani? Basi leo tutazame wazee wetu walifanyaje, na njia hiyo imefupishwa namna gani.

Tuanze mwaka wa 1906. Wakati ule Wajerumani walitawala Mwanza na Bukoba, na Waingereza walitawala Uganda. Ugonjwa wa malale ulikuwa umekwisha kuua watu wengi mno upande wa Uganda, hasa ufukoni na visiwani. Malale huletwa na mbung'o. Mbung'o humwuma mgonjwa, na baadaye akimwuma mtu mzima humtia vijidudu katika damu. Tezi za shingo huvimba, mtu hukonda, na mwishowe hushikwa na usingizi usiokwisha.

Mwaka huo Serikali ya Ujerumani ilimtuma daktari Robert Koch. Alikuwa mtu mashuhuri, kwa maana mwaka wa 1882 ndiye aliyetangaza kuvigundua vijidudu vya kifua kikuu. Alifika kwanza Mwanza. Hapo hakuona wagonjwa wengi wa malale, akavuka ziwa akapiga kambi katika kisiwa cha Bugala, visiwa vya Sese, Uganda. (Mwalimu awaonyeshe wanafunzi visiwa vya Sese katika ramani.)

Habari zikaenea upesi. Watu wakaja kwa mitumbwi kutoka visiwa vingine na kutoka nchi kavu. Wasioweza kutembea walichukuliwa na jamaa zao. Wagonjwa zaidi ya 1,000 walitibiwa katika kambi ile.

Sasa sikilizeni vizuri. Dawa aliyoitumia Koch iliitwa atoksili, nayo ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Waliokuwa wamelala wakasimama. Lakini kwa wengi ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho, wasione tena. Mtu alikwenda kutafuta uzima, akarudi kwao akishikwa mkono.

Kisha Wajerumani walifungua kambi upande wa Bukoba, mahali paitwapo Kigarama, katika nchi ya Kiziba. Waliwaajiri wenyeji wapite vijijini kuwapapasa watu shingo na kutafuta tezi zilizovimba. Baadhi ya watu walikubali kwenda kambini. Wengine walijificha, na wengine walitoroka. Tusiwacheke wala tusiwaite wajinga. Sindano zilikuwa chungu, na upofu waliuona. Hata mtu asiyejua kusoma alijua kuhesabu wangapi walikwenda na wangapi walirudi wazima.

Tuendelee. Mwaka wa 1928 gari la moshi lilifika Mwanza kutoka Tabora. Tangu hapo mgonjwa mwenye nauli aliweza kwenda mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Meli nazo zilizunguka ziwa na kuunganisha Mwanza, Musoma, Kisumu, Port Bell na Bukoba. Wamisioni walijenga hospitali Kolandoto karibu na Shinyanga, Sumve, Shirati, Ndolage na Sengerema. Watu wengi walipona huko. Lakini kwa ugonjwa mzito njia ilikuwa bado ndefu.

Mwaka wa 1971 hospitali kubwa ilifunguliwa Mwanza, juu ya kilima cha Bugando. Waliojenga ni maaskofu Wakatoliki. Mwaka wa 1972 Serikali iliichukua, na mwaka wa 1985 ikairudisha kwa Kanisa, huku ikiendelea kushirikiana nalo. Hii ni hospitali ya rufaa. Maana yake, mgonjwa aliyeshindikana kwingine huletwa huko na barua ya daktari wake. Hutoka Kagera, Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga na kwingineko.

Njia yenyewe haikuwa salama sikuzote. Meli ya MV Bukoba ndiyo iliyokuwa ikiwavusha watu wa Kagera kwenda Mwanza: wafanya biashara, wanafunzi na wagonjwa. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa.

Tena, kulikuwa na magonjwa ambayo hata Bugando haikuwa na chombo chake. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kansa aliyehitaji mionzi alipaswa kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, akakae huko majuma mengi. Aliyekosa nauli alibaki nyumbani na maumivu yake. Siku hizi matibabu ya mionzi hutolewa Bugando pia.

Na Busisi je? Mgonjwa wa Sengerema au Geita alipofika Busisi alingoja kivuko. Mama mwenye uchungu wa kuzaa alingoja pamoja na malori. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Sasa kwa gari ni dakika chache tu. Lakini wenzetu wa visiwani bado hungoja chombo.

Ndugu wasikilizaji, historia hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza, mgonjwa ana haki ya kuuliza: dawa hii ni ya nini, na yaweza kunidhuru vipi? Wale wa Bugala hawakupata nafasi hiyo. La pili, tusichelewe. Njia imefupishwa, lakini siku tunazozipoteza nyumbani hakuna daraja la kuzirudisha. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini baadhi ya watu walitoroka kambi za malale?
2. Hospitali ya rufaa ni nini?
3. Kutoka kijijini kwenu mpaka hospitali kubwa, mgonjwa hupita wapi, na hukwama wapi?
4. Andika sentensi tatu juu ya mtu aliyepata kumwuguza jamaa yake mbali na nyumbani.